Namna ya Kushika Umeneja wa Chama cha Msingi cha Ushirika

Mtu anayeteuliwa kuwa meneja wa chama cha msingi cha ushirika wa mazao, ambaye katika vyama vingi vya Mtwara na Lindi, kusini mwa Tanzania, huitwa katibu meneja, kwa kawaida huanza kazi akiwa na barua ya ajira, fungu la funguo na kabati lenye majalada ambayo hakuyafungua yeye. Baada ya miezi michache atatakiwa kupokea korosho za mamia ya wakulima, kuzifikisha ghala kuu, kufuatilia mnada, kisha kuhakikisha kila mkulima amepata fedha yake kamili. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake. Unaeleza kazi za msingi za meneja, nafasi anazozishika na stadi anazozihitaji, na unazieleza kwa kufuata msimu wenyewe, kwa sababu humo ndimo zinamoonekana waziwazi. Meneja wa duka la vipuri, wa zahanati au wa shule binafsi atazitambua pia katika mazingira yake.

Mhandisi wa migodi wa Ufaransa, Henri Fayol, ambaye mwaka 1888 alikabidhiwa kampuni ya madini iliyokuwa karibu kufilisika na akaiinua, aliandika mwaka 1916 kwamba uongozi wa shirika lolote una kazi tano: kuona mbele na kupanga, kuunda mfumo wa kazi, kuamuru, kuratibu na kudhibiti. Wanaofundisha somo hili leo huzifanya nne, kwa kuunganisha kuamuru na kuratibu ndani ya neno kuongoza. Nimewaona watu wengi wakizikariri kwa ajili ya usaili na kuzisahau siku ya kwanza ya kazi, kwa kuwa hawakuonyeshwa kwamba kila moja ina wakati wake katika mwaka na ina karatasi yake juu ya meza. Msimamo wangu katika yote yatakayofuata ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ya meneja inatakiwa iwe imekwisha kabla gunia la kwanza halijawekwa kwenye mizani. Anayeanza kupanga Oktoba, wakati wakulima wamekwisha kujipanga nje ya ghala, atatumia msimu mzima akizima moto.

Kwanza ujue nani anaamua nini

Kabla ya kupanga chochote, omba vitu vitatu na uvisome kwa utulivu: masharti ya chama, muhtasari wa mkutano mkuu uliopita na taarifa ya mwisho ya ukaguzi wa hesabu. Kwa mujibu wa Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013, mkutano mkuu wa wanachama ndio wenye mamlaka ya juu katika chama. Wanachama huchagua bodi, na bodi ndiyo inayomwajiri meneja na kumsimamia. Juu ya chama yupo Mrajis, yaani msajili na msimamizi wa vyama vya ushirika, kupitia Tume ya Maendeleo ya Ushirika na maofisa ushirika walioko mikoani na wilayani. Meneja hana kura katika mambo ya sera, lakini utekelezaji wote unapita mikononi mwake, na hapo ndipo migogoro mingi huzaliwa.

Chukua mfano wa jambo linalotokea mara nyingi kuliko linavyosemwa. Mjumbe wa bodi anafika ghalani asubuhi, anamwambia karani wa mizani apokee magunia ya ndugu yake bila kuyapanga kwenye foleni na bila kukagua ubora. Karani ni kijana wa kijiji hicho hicho, na mjumbe ni mtu mzima ambaye pengine ni baba yake mdogo. Atakubali. Saa mbili baadaye wakulima wote waliokuwa kwenye foleni wanajua kilichotokea, na kuanzia siku hiyo hakuna amri ya meneja itakayosikilizwa. Fayol aliliona jambo hili katika migodi yake, akasisitiza kwamba mfanyakazi apokee maagizo kutoka kwa mkubwa mmoja tu. Kwenye chama chako, kanuni hiyo haitajitetea yenyewe. Iombe bodi, katika kikao cha kwanza utakachohudhuria, iazimie kwa maandishi kwamba agizo lolote kwa mtumishi litapitia kwa meneja, na azimio hilo liingie kwenye muhtasari. Siku tatizo litakapotokea hutalazimika kubishana na mtu mzima mbele ya watu. Utasema kwa upole, "Mzee wangu, tulikubaliana kwenye kikao cha bodi, naomba tukae ofisini tulizungumze." Wengi hukubali kukaa ofisini, mradi tu hawakuaibishwa uwanjani.

Kupanga: hesabu ya foleni

Chama kinatakiwa kuwa na makisio ya mapato na matumizi yaliyoidhinishwa na mkutano mkuu, pamoja na ukomo wa madeni ambao chama hakiruhusiwi kuuvuka kikitaka kukopa. Hayo yatakuja mezani kwako hata usipoyatafuta, kwa kuwa afisa ushirika atayadai. Mpango ambao hakuna atakayekudai, na ambao ndio utakaokuokoa, ni mpango wa kazi ya ghalani siku kwa siku.

Uandae kwa namba. Tuseme kumbukumbu za misimu mitatu iliyopita zinaonyesha kuwa chama chako hukusanya karibu tani 400 za korosho ghafi. Kwa magunia ya kilo 80, hayo ni magunia 5,000. Simama na saa mkononi uhesabu muda ambao karani wako anatumia kupima, kukagua, kuandika stakabadhi na kushona gunia moja. Tuseme ni dakika 4. Mizani moja basi itahudumia magunia 15 kwa saa, na magunia 120 kwa siku ya saa nane. Kama nusu ya mzigo wote huingia ndani ya wiki nne za kilele, yaani siku 24 za kazi, wastani ni magunia 104 kwa siku, na mtu anayeishia kwenye wastani ataona kuwa mizani moja inatosha. Haitoshi. Wakulima hawaleti mzigo kwa wastani. Huja kwa wingi siku mbili au tatu kabla ya mzigo kuondoka kwenda ghala kuu, kwa sababu kila mmoja anataka korosho yake iwahi mnada ulio karibu. Siku hizo magunia yanaweza kufika 200 na zaidi, na hapo watu watalala nje ya ghala. Hesabu hiyo ndogo ndiyo itakayokupa hoja ya kuiomba bodi mizani ya pili, au ya kugawa siku za kupokea kwa vitongoji, na utaiomba mwezi Julai, wakati fedha bado haijapangiwa kazi nyingine.

Endelea hivyo hivyo kwa kila kitu kinachohusika. Lori la tani 30 hubeba magunia 375, kwa hiyo tani 400 zinahitaji safari 14. Nani atazifanya, kwa bei gani, na mkataba umesainiwa lini? Magunia, nyuzi na sindano za kushonea, maturubai na chaga za kupangia mzigo ili usiguse sakafu, vyote viwe vimehesabiwa ghalani kabla ya mwisho wa Agosti. Mizani ihakikiwe na Wakala wa Vipimo, kwani uhakiki hufanyika kila mwaka, na stika yake ibandikwe mahali ambapo mkulima anaweza kuiona mwenyewe. Daftari la wanachama lipitiwe jina kwa jina, pamoja na namba za akaunti za benki. Kazi hiyo ya mwisho inachosha na haimpatii mtu sifa yoyote, ndiyo maana huahirishwa, na nitairudia nikifika kwenye malipo.

Kuunda mfumo wa kazi na kupata watu wake

Kuunda mfumo wa kazi ni kujibu swali la nani atafanya nini, atamripoti nani na atapewa mamlaka kiasi gani. Chama kidogo kinaweza kuwa na mhasibu, mtunza ghala, makarani wawili wa mizani, mlinzi na vibarua wa msimu. Udogo huo huwashawishi mameneja kuamini kwamba hakuna haja ya kuandika majukumu kwa sababu "tunajuana". Kujuana hakuzuii watu wawili kudhani kuwa mwenzake ndiye aliyefunga dirisha la ghala siku ya mvua.

Andika majukumu ya kila mtu kwenye karatasi moja, na katika kuyagawa uzingatie sharti moja ambalo haliwezi kulegezwa: anayepima asiwe anayeandaa orodha ya malipo, na anayeandaa orodha asiwe anayeidhinisha. Sijali kama mtu huyo ni mwaminifu kiasi gani. Sharti hili humlinda mwaminifu kuliko linavyomzuia mwizi, kwa kuwa hesabu zikipishana, mtu aliyeshika kazi zote tatu peke yake hana namna ya kuonyesha kwamba si yeye.

Kuhusu ajira, soma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kabla hujatoa ahadi kwa mtu. Saa za kawaida za kazi hazitakiwi kuzidi 45 kwa wiki wala 9 kwa siku, na saa za ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida na zina ukomo wake. Msimu wa kilele utakushawishi uwafanyishe makarani kazi tangu alfajiri hadi usiku kwa wiki tatu mfululizo, lakini karani aliyechoka huandika 68 mahali pa 86, na kosa hilo utaligharimia siku nyingi kuliko ujira wa karani wa tatu. Weka watu wa zamu kwenye makisio tangu mwanzo.

Kukasimu madaraka nako kuna utaratibu wake. Unapomwachia mtunza ghala mamlaka ya kukataa mzigo wenye unyevu uliopita kiwango, mwambie mbele ya wenzake kwamba uamuzi huo ni wake, mpe kipimo cha kufanyia uamuzi, na mkulima akija kulalamika kwako usimtengue mtunza ghala papo hapo. Nenda naye, kagueni gunia pamoja, na kama amekosea arekebishe yeye mwenyewe. Meneja anayetengua maamuzi ya walio chini yake mbele ya watu atajikuta baada ya wiki moja anaulizwa hata kama taa ya ghala iwashwe.

Nafasi za meneja msimu ukianza

Hapa ndipo watu wanaposhangaa. Walitegemea kukaa na kusimamia mpango wao, badala yake siku inakatika vipande vipande. Mtafiti wa Kanada, Henry Mintzberg, aliwafuatilia wakuu watano wa mashirika huko Marekani, kila mmoja kwa wiki nzima, na katika kazi yake aliyoitoa mwaka 1973 alionyesha kwamba nusu ya shughuli zao zilichukua chini ya dakika tisa kila moja. Hao walikuwa wakuu wenye makatibu mahsusi na milango ya kufunga. Meneja wa chama cha msingi, ambaye ofisi yake inatazamana na ghala, asitegemee nafuu kuliko hiyo.

Mintzberg alizigawa kazi hizo katika nafasi kumi zenye mafungu matatu. Fungu la kwanza linahusu watu: meneja huwakilisha chama kwenye shughuli rasmi, huwaongoza walio chini yake, na ni kiungo kati ya chama na walioko nje. La pili linahusu habari: huzipokea, huzisambaza ndani na huzisemea nje. La tatu linahusu maamuzi: huanzisha mabadiliko, hutuliza misukosuko, hugawa rasilimali na hujadiliana na wengine kwa niaba ya chama. Orodha hiyo hujifunzwa kwa nusu saa. Kinachochukua miaka ni kujua ni nafasi ipi inayodaiwa na mtu aliyesimama mbele yako wakati huu.

Siku moja ya Novemba, katika chama kimoja nilichokitumikia, bibi mmoja alifika dirishani na stakabadhi iliyokunjwa mara nne ndani ya pindo la kanga. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, wenzangu wote wamelipwa. Mimi nimekosa nini?" Nilikuwa na lori linalopakiwa nje, mwenyekiti kwenye simu na mhasibu akisubiri saini. Nilimjibu kwamba fedha itaingia, avute subira. Jibu hilo lilikuwa la msemaji wa chama, na yeye hakuhitaji msemaji. Alihitaji mtu wa kufungua leja na kutazama. Alirudi mara mbili zaidi kabla sijaifungua, nikakuta namba ya akaunti yake imekosewa tarakimu moja na fedha ilikuwa imerudishwa na benki siku kumi kabla. Barua ya benki ilikuwa kwenye jalada langu, haijasomwa. Kosa lilikuwa langu, na bibi yule alikuwa ametembea kilometa nyingi kulifuata.

Tangu hapo nimekuwa nikipendekeza mambo mawili kwa kila meneja mpya. La kwanza ni kutenga saa maalumu ya malalamiko kila siku, ikibandikwa ukutani, ambayo ndani yake meneja hafanyi kazi nyingine, na kila lalamiko linaandikwa kwenye daftari pamoja na jibu lililotolewa na tarehe ya kulifunga. La pili ni kikao cha asubuhi cha dakika kumi na tano na watumishi wote wakiwa wamesimama, ambapo kila mtu anasema alichokwama nacho jana na anachokitegemea leo. Habari ambayo mlinzi anayo saa kumi na mbili asubuhi, kwamba wafanyabiashara wa kangomba, yaani wanunuzi wa nje ya utaratibu rasmi, wamelala kitongoji fulani wakinunua korosho kwa bakuli kutoka kwa wakulima waliochoka kusubiri malipo, humfikia meneja asiye na kikao hicho baada ya siku tano, na wakati huo mzigo umekwisha kuondoka.

Kuhusu usemaji wa nje, sema mapema hata kama habari ni mbaya. Tangu korosho ilipoanza kuuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani katika msimu wa 2007/2008, mkulima hukabidhi mzigo leo na kulipwa baadaye, baada ya mnada na baada ya mnunuzi kulipa. Katika pengo hilo la siku uvumi hustawi. Tangazo fupi kwenye ubao wa chama na kwenye vitongoji, likitaja tarehe ya mnada, bei iliyopatikana, makato yote kimoja kimoja na siku inayotarajiwa ya malipo, hufanya kazi kubwa kuliko mkutano wa hadhara wa kutuliza hasira ulioitishwa wiki mbili baadaye. Bei ikishuka, iandikwe ilivyoshuka. Mkulima hukasirishwa na bei, lakini kufichwa bei humvunja moyo na chama chenyewe.

Kuongoza ni pamoja na kurekebisha

Mtumishi akikosea, mwite ofisini peke yake na umweleze kosa kwa mfano wa tukio lenyewe, tarehe na namba ya stakabadhi, kisha umsikilize hadi mwisho. Makosa mengi ya ghalani yana sababu inayotibika: taa hafifu, kitabu cha stakabadhi chenye nakala isiyosomeka, karani aliyeagizwa kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Kosa likiwa kubwa kiasi cha kuhitaji hatua za nidhamu, fuata utaratibu bila kuruka hatua. Kanuni za utendaji bora zilizotolewa mwaka 2007 chini ya sheria ya ajira zinataka mtumishi apewe tuhuma kwa maandishi na muda wa kujiandaa usiopungua saa 48 kabla ya kusikilizwa, na awe na haki ya kusaidiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Meneja anayemfukuza mtu kwa hasira jioni atakutana naye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko ataulizwa kuhusu utaratibu hata kama sababu yake ilikuwa ya haki.

Kudhibiti: namba tatu kila jioni

Kudhibiti ni kulinganisha kilichofanyika na kilichokusudiwa na kuchukua hatua mapema, wakati kosa bado ni dogo. Ghalani, udhibiti wote unaweza kuanzia kwenye namba tatu: jumla ya uzito ulioandikwa kwenye stakabadhi za wakulima, uzito uliopo ghalani, na uzito uliopokelewa ghala kuu kwa mujibu wa hati zao. Ya kwanza inatakiwa ilingane na ya pili na ya tatu zikijumlishwa, ukiacha unyaufu, yaani uzito unaopungua korosho zinapoendelea kukauka.

Neno unyaufu lina kweli ndani yake, na pia limeficha wizi mwingi. Njia ya kutofautisha ni kuandika pengo la kila siku kwenye karatasi moja iliyobandikwa ndani ya ofisi. Unyaufu halisi huenda polepole na hufuata hali ya hewa na muda ambao mzigo umekaa. Pengo linaloruka ghafla siku za zamu ya mtu fulani, au linaloonekana kila safari ya lori fulani, lina jina la mtu. Ukingoja hadi mwisho wa msimu utabaki na namba moja kubwa isiyo na tarehe, na hakuna mkaguzi atakayeweza kukusaidia kuifafanua.

Fanya hesabu hiyo kila jioni kabla ghala halijafungwa, na isainiwe na watu watatu: karani, mtunza ghala na wewe. Mara moja kwa wiki, bila kutangaza siku, chagua magunia machache uyapime upya, kisha chukua stakabadhi chache uende hadi kwa wakulima wenyewe ulinganishe na nakala zilizo mikononi mwao. Ziara hiyo ya mwisho hugundua mambo ambayo hayaonekani kwenye leja, kwa sababu nakala ya ofisini ikibadilishwa, ya mkulima hubaki ilivyo.

Malipo yana udhibiti wake. Orodha ya malipo ilinganishwe na stakabadhi mstari kwa mstari na watu wawili, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akifuatilia kwa kalamu, kisha jumla yake ilinganishwe na fedha iliyopokelewa kabla orodha haijapelekwa benki. Majina yanayofanana ndiyo mtego mkubwa: katika kijiji kimoja wanaweza kuwapo watu wanne wanaoitwa Hamisi bin Saidi, na bila namba ya uanachama fedha ya mmoja huenda kwa mwingine. Hii ndiyo sababu nimesisitiza daftari la wanachama lipitiwe Julai. Malipo yanayorudishwa na benki yawe na jalada lake, linalofunguliwa kila asubuhi kabla ya kikao.

Stadi, na ugumu wa kubadilika

Mwaka 1955, Mmarekani Robert Katz alieleza kwamba meneja anahitaji stadi za aina tatu: za kitaalamu, za kuhusiana na watu, na za kuona shirika lote kwa pamoja. Uzito wake hubadilika kadiri mtu anavyopanda: chini kabisa utaalamu wa kazi yenyewe una nafasi kubwa, juu kabisa ni uwezo wa kuona picha nzima, na stadi za watu zinahitajika ngazi zote.

Ufafanuzi huo unaeleza vizuri kwa nini karani bora hushindwa mara nyingi akifanywa meneja. Alisifiwa kwa miaka kwa sababu alipima haraka na hakukosea. Foleni ikirefuka, mikono yake inamwasha. Anamsogeza karani mpya pembeni na kupima mwenyewe, na watu wanampongeza. Wakati huo simu ya msafirishaji inaita bila kupokelewa, barua ya benki inalala kwenye jalada, na karani mpya hajifunzi. Ukijiona unafanya hivyo mara kwa mara, jiulize ni kazi ipi ya meneja imekosa mtu wakati wewe uko kwenye mizani. Simama nyuma ya karani, mwelekeze, kisha uondoke.

Stadi za watu zina sura yake mahali unapofanyia kazi. Meneja aliyetoka mkoa mwingine, akifika kwenye vijiji vya Wamakonde, Wamwera au Wayao, atatumia wiki zake za kwanza vizuri akienda kusalimia wazee na viongozi wa vitongoji kabla hajaitisha mkutano wowote. Atajua nani husikilizwa, nani amegombana na nani kuhusu mpaka wa shamba, na kwa nini kitongoji fulani huleta mzigo mwishoni. Ajifunze kusikiliza malalamiko hadi mwisho bila kukatiza hata kama jibu analijua, kwa kuwa mkulima aliyekatizwa huondoka akiamini hakusikilizwa, hata jibu likiwa sahihi.

Kuhusu stadi za kitaalamu, usiridhike na ulizokuja nazo. Jifunze kusoma mizania, yaani taarifa ya mali na madeni ya chama, na taarifa ya mapato na matumizi bila kumtegemea mhasibu, na ujifunze MUVU, mfumo wa kielektroniki unaotumiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika kusimamia vyama, ili taarifa za chama chako ziingizwe na wewe uzielewe. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi hutoa mafunzo katika fani hizi. Meneja asiyeweza kusoma mizania ya chama chake yuko mikononi mwa yule anayeweza.

Kufunga msimu

Mzigo wa mwisho ukiondoka, usiwaachie vibarua waondoke siku hiyo hiyo. Hesabu magunia yaliyobaki, chaga, maturubai na vitabu vya stakabadhi vilivyotumika na visivyotumika, uandike namba ya kwanza na ya mwisho ya kila kitabu. Funga leja, linganisha na taarifa za benki, na uandae hesabu kwa ajili ya mkaguzi, ambaye kwa vyama vingi ni Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani COASCO. Wakati kumbukumbu bado ni mbichi, kaa na watumishi nusu siku muandike yaliyokwama: siku foleni ilipovunjika, safari ya lori iliyochelewa, idadi ya malipo yaliyorudishwa na sababu zake.

Kwenye mkutano mkuu, taarifa yako isomwe kwa Kiswahili ambacho mwanachama aliye mstari wa nyuma atakielewa, ikianza na kilo zilizokusanywa, bei za kila mnada, makato na fedha ambayo bado haijawafikia wenyewe, kwa idadi ya watu na kiasi. Maswali yaandikwe kwenye muhtasari pamoja na jina la aliyepewa jukumu la kuyajibu na tarehe. Muhtasari ukishasainiwa, weka nakala kwenye jalada la msimu ujao, na juu yake andika tarehe ya Julai ambayo utaanza kulipitia daftari la wanachama.